Dole Gumba la Shefu Asani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kilima na mtungi kichwani, nikidhani naenda kuuza mtungi. Nilikuwa nimesikia kwamba waashi wa Ferme wanatafuta chombo cha kuwekea maji ya kunywa. Mkuu wao, Shefu Asani, mwanamume mfupi mwenye kofia ya Kiislamu iliyojaa vumbi la matofali, aliupokea mtungi wangu, akaugonga kwa ukucha, akatega sikio.

"Nani alichomaka hii mutungi?"

"Ni miye, Shefu."

"Na udongo?"

"Nilichimbaka kule chini, ku kijito."

"Basi tua mutungi. Leo hauuzishe kitu. Unaanza kazi."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hapakuwa na barua wala yale makaratasi ambayo ninyi vijana mnayazungusha kwenye bahasha ya plastiki kutoka ofisi hadi ofisi. Mafundi wawili waliokuwa wakikoroga chokaa walicheka waziwazi kuona mwanamke anapewa kazi kwenye shantie, mahali pa ujenzi. Mmoja wao nilikuja kumfundisha mimi mwenyewe kufinyanga kigae, na hadi leo ananisalimia kwa adabu zote.

Wengi wenu mnapita barabara ya Baraka bila hata kuinua macho, kwa hiyo nieleze Ferme ni nini. Iko juu ya kijiji cha Lweba, mwendo wa saa moja kwa miguu kama magoti yako ni mazima. Wakati wa Wabelgiji, Mzungu mmoja alilima pamba kwenye miteremko yote ile mnayoiona na mihogo leo. Nyumba yake ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na barza pana iliyoelekea ziwani, na paa la vigae vya udongo ambavyo sisi tunaviita tuile. Uhuru ulipokaribia alishuka Baraka, akapanda meli, asirudi tena. Wafanyakazi wake walibaki, na nyumba ikabaki nao. Vyumba viwili waliweka mbegu. Barza ikawa mahali pa mikutano na ndoa. Chumba cha nyuma wakapewa akina mama wa vijiji vya juu wajifungulie humo. Mimi nilizaliwa katika chumba hicho. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kilio changu cha kwanza kiligonga vigae kikamrudia.

Miaka ya mwisho ya Zaire paa lilianza kuvuja, na jambo hilo lilikuwa hatari kuliko mnavyofikiri. Matofali ya Ferme yalishikanishwa kwa tope, si kwa saruji. Paa likiwa zima, ukuta wa namna hiyo unaweza kuishi mpaka ukamzika aliyeujenga na mjukuu wake. Paa likifunguka, mvua inalainisha tope, na ukuta unakwisha kabla hujajua umeanza kwisha. Ndipo wazee wa vijiji wakaunda komite, Wakatoliki na Waprotestanti na Waislamu wa ufukweni kwa pamoja, na kumchagua mwalimu mstaafu kuwa mkuu wake. Tulimwita Prezida, naye alikuwa akijifanya hapendi jina hilo.

Si kila mtu aliitaka kazi hiyo. Nakumbuka mkutano ambapo mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini tuitunze nyumba ya mtu aliyewachapa baba zetu. Prezida alivua miwani.

"Fimbo ilikuwa ya Muzungu," alisema. "Lakini briki, nani alizikanyaga? Baba yako na baba yangu. Kama unataka tubomoe kazi ya baba yako, uanze weye, ukamate nyundo."

Mzee yule hakukamata nyundo. Baadaye ndiye aliyetuletea kuni za tanuru.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, na kosa langu. Kigae hutengenezwa kwa kalibu, yaani fremu ya mbao unayoijaza udongo uliokanyagwa vizuri. Unasawazisha, unakibana kipua mgongoni ili kigae kishike kwenye papi, zile mbao nyembamba za paa, kisha unakitoa polepole na kukianika ndani ya hangari, banda letu la kazi, mbali na jua kali. Kabla hakijakauka, mfinyanzi anatia alama yake chini. Alama yangu ilikuwa vidole vitatu. Kila asubuhi Shefu Asani alipita kwenye hangari ameshika mikono nyuma, na kando ya alama ya mfinyanzi alikandamiza dole gumba lake kwenye kila kigae alichokikubali. Kigae kisicho na dole gumba hakikupanda juu, hata kiwe kizuri namna gani.

Shefu alinipa kigae kimoja cha zamani na kipande cha ubao, akasema nitengeneze kalibu. Nilikuwa binti wa wafinyanzi, nilijiona nimefika. Nilikilaza kigae juu ya ubao, nikachora pembezoni mwake, nikakata sawasawa kabisa. Juma zima nilifinyanga. Shefu alipita, akatazama, akaenda zake. Hakuna dole gumba hata moja. Nilipomwuliza alisema neno moja tu.

"Choma."

Nilichoma. Nilibeba kuni mwenyewe, nikakesha macho mekundu kwa moshi, na vigae vilipopoa nilimpelekea kimoja nikiwa nimeinua kidevu. Alipanda ngazi, akakiweka kwenye papi kati ya vile vya zamani. Kilikuwa kifupi kwa kidole kizima. Mvua ingepita katikati kama mgeni aliyekaribishwa.

"Mama, mukono yako haikukosea," alisema. "Udongo njo inakunywaka maji. Ikikauka, ikiungua, maji inatoka, udongo inapunguka. Kalibu inapashwa kuwa kubwa kupita tuile."

Mtungi, ukipungua, ni mtungi bado. Hakuna anayeupima. Ndiyo maana sisi wafinyanzi wote wa kijitoni tungefanya kosa lile lile. Lakini nilikuwa nimechemka.

"Na juu ya nini haukuniambia toka siku ya kwanza?"

"Ningekuambia, ungesikia na masikio. Sasa umesikia na mugongo, juu ulibeba kuni ya bule."

Wale mafundi wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Shefu alichonga kalibu mpya kwa mikono yake, ya mti mgumu, ndefu zaidi kwa kidole na pana zaidi kwa nusu yake. Ile ya kwangu aliitundika kwa msumari ukutani ndani ya hangari.

"Ya nini tena hiyo?" nikamwuliza. "Ya kunipatisha haya kila siku?"

"Hapana. Tutaichunga. Udongo haiko moja."

Sikuelewa, na sikutaka kuelewa. Nilidhani ananitania.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiota. Tulivua vigae vibovu upande wa kaskazini, mstari kwa mstari, tukavipa nafasi vipya. Chini ya vile vya zamani tulikuta vidole vya watu tusiowajua, vingine viwili, vingine vinne, na kimoja chenye kisigino cha mtoto. Nilitumwa Baraka miezi kadhaa kutengeneza paa la shule moja, chini ya padri mkurugenzi aliyependa kupanda ngazi mwenyewe na kutuangushia nyundo. Nilitumwa Fizi kuwafundisha wafinyanzi wengine. Kila niliporudi, nilikwenda kwanza hangarini kuona kama vigae vyangu vina dole gumba. Nilikuwa na mume wakati huo, mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini nasema kweli: hakuna sifa niliyoitamani maishani kama kile kishimo kidogo kando ya vidole vyangu vitatu.

Vita ya kwanza ilipopita mwaka wa tisini na sita, tulikimbilia milimani, tukarudi, tukakuta Ferme imesimama. Tulijidanganya kwamba yamekwisha. Vita ya pili haikutuacha hivyo. Watu walianza kushuka kutoka upande wa Makobola bila mizigo, na waliyoyasimulia siwezi kuyaandika hapa. Siku hiyo hiyo Lweba nzima ilikuwa ufukweni ikitafuta mitumbwi.

Nilipanda Ferme mara moja kumwita Shefu. Upande wa kusini wa paa ulikuwa umevuliwa, vigae vimepangwa chini, papi ziko wazi. Alikuwa akizifunika kwa majani ya migomba.

"Shefu, tuende. Batu yote banaenda."

"Muende. Miye nabaki. Nikiacha hii upande wazi, masika moja tu, ukuta imekwisha."

"Na bakikuua?"

Aliingia hangarini akatoka na ile kalibu ya mti mgumu, ameifunga ndani ya gunia.

"Beba hii. Bitu bingine tutapata. Siku mutarudia, paa kwanza. Unasikia? Paa kwanza, kisha mulango."

Niliibeba. Nilivuka ziwa na mama yangu aliyekuwa mzee, kikwembe kimoja cha kubadili, na kalibu. Mume wangu alifuata na mtumbwi mwingine, na mtumbwi ule haukufika.

Huko kambini Kigoma niliendelea na kazi kwa namna yake. Afisa wa majengo wa kambi, Mtanzania mpole mwenye Kiswahili cha redio, alisikia kwamba mimi ni fundi wa udongo. Nikamwonyesha kalibu yangu. Aliigeuza huku na huku.

"Mama, vigae hapa si kazi yetu. Tunahitaji matofali ya vyoo."

Basi nilifinyanga matofali ya vyoo, miaka. Si kazi ya aibu. Lakini jioni niliipaka kalibu mafuta ya mawese isipasuke, majirani wakaniuliza kama ni sanamu yangu ya kusalia.

Kisha mwaka mmoja wa mvua nyingi mama alishikwa na kuhara. Hakuweza kushika kitu tumboni. Waganga wa zahanati walisema maji yachemshwe, na uji mwepesi, kidogo kidogo, bila kukatiza. Kuni za kambi zilikuwa zimelowa zote, na kwenda msituni tulikatazwa. Nilipiga magoti nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka, moshi mtupu. Mama alikuwa ananitazama tu. Nilifungua gunia.

Kalibu ilikuwa kavu, imenyonya mafuta ya miaka. Iliwaka vizuri sana, na hilo ndilo lililoniumiza. Maji yalichemka. Mama alikunywa, akalala, akapona, akaishi miaka miwili zaidi. Singefanya vingine. Lakini tangu siku ile nilianza kutunga maneno ya kumwambia Shefu Asani. Nilitembea nayo kwenye foleni ya maji, nikiyapanga upya, hili mbele, hili nyuma.

Sikuwahi kuyasema. Mchuuzi wa samaki aliyevuka kutoka kwetu alinieleza habari, kwa ufupi kama watu walivyozoea kueleza wakati huo. Watu wenye silaha walipanda Ferme wakitaka mbao za paa wapikie. Shefu aliwazuia. Yeye na watu wengine sita waliokuwa wamejificha pale waliuawa. Waliobaki kijijini, kwa haraka na kwa hofu, waliwazika wote ndani ya shimo letu la udongo kule kijitoni, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchimbwa.

Tuliporudi, vita ikiwa imetulia, nilipanda kilima na magoti yangu ya leo. Upande wa kaskazini wa paa ulikuwa mzima. Upande wa kusini ulikuwa anga. Papi nyingi zilikuwa zimechomwa, hangari lilikuwa majivu, na kona ya chumba cha kujifungulia ilikuwa imeanza kulainika, unaingiza kidole tofali linasogea. Masika mbili zaidi na lingebaki fungu la udongo.

Prezida alikuwa hai. Alikuwa anatembea kwa fimbo, miwani imefungwa kwa uzi. Alipita kijiji hadi kijiji akiomba watu warudishe vya Ferme, bila kuulizana nani alichukua. Vitu vikaanza kupanda kilima. Mlango ulirudi kutoka sokoni, ulikuwa meza ya dagaa na harufu haijatoka mpaka leo. Dirisha lilirudi likiwa kitanda. Vijana waliokuwa wakichimba dhahabu Lulimba walileta mbao mpya za papi, wakazibeba mabegani wenyewe. Nililia kwa furaha siku hiyo, sioni haya kusema.

Kisha ukafika mkutano wa paa, kwenye barza, na macho yote yakanigeukia mimi. Ilibidi niseme mambo mawili. La kwanza lilijulikana: udongo wa vigae ulikuwa kijitoni, na kijitoni walilala ndugu zetu saba. Familia zilikuwa zimezungushia mawe. Hakuna ambaye angetia jembe pale, na mimi ningekuwa wa mwisho. La pili hakuna aliyelijua.

"Kalibu ya Shefu haiko," nikasema. "Nilichomaka mu kambi. Nilipikia mama uji."

Nilitamani yule mzee wa nyundo asimame anitukane, ingekuwa nafuu. Badala yake mama mmoja wa Lweba, mtengeneza sabuni za mawese, aliinua mkono.

"Kalibu njo ile kitu ya mbao, mukubwa hivi? Miye niko nayo ku nyumba. Niliokotaka hapa, mbele hangari haijaungua. Nafanyiaka sabuni."

Aliileta kesho yake, inang'aa kwa mafuta. Nikaigeuza nikaona tundu la msumari. Ilikuwa ile ya kwangu. Kalibu ya makosa. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakaogopa, na katikati ya kicheko nikaisikia sauti yake kana kwamba yuko ngazini: udongo haiko moja.

Nikaomba udongo wa vichuguu, ambao hauna maji mengi. Peke yake ulikuwa mkavu mno, ulikatika. Ndipo nikawaambia akina mama waokote vigae vyote vilivyovunjika, hata vipande vya ukubwa wa ukucha, tuvitwange kwenye vinu vya sombe, vile vya majani ya mihogo. Walinung'unika kwamba nawaharibia vinu. Walitwanga siku nne. Tulichanganya unga huo na udongo wa kichuguu, nikafinyanga kwa kalibu ya makosa, nikaanika, nikachoma. Kigae cha kwanza kilinuka sabuni.

Fundi yule aliyenicheka siku ya kwanza ndiye aliyepanda ngazi. Alikiweka kwenye papi, karibu na kigae cha zamani.

"Iko sawa, mama," akasema. "Iko sawa kabisa."

Vijana, huu ndio ufundi, nawaeleza msije mkadhani ni muujiza. Udongo mbichi hupungua. Uliokwisha kuungua mara moja, hata ukiutwanga unga, haupungui tena. Mchanganyiko wetu haukupungua ila kwa unene wa kadi. Kalibu sahihi, ile niliyoililia miaka yote ile, ingetupa vigae virefu visivyokaa. Shefu alikuwa ameyajua hayo, au alikuwa ameyahisi. Aliniambia nami nikanuna.

Nilishuka kijitoni peke yangu mchana ule, nikakaa kando ya mawe. Maneno yote niliyoyapanga kwenye foleni za maji yalikuwa yamekwisha kazi. Nikamwambia tu kwamba paa linapanda.

Tulilifunga kabla ya masika. Mtoto wa kwanza alizaliwa chumba cha nyuma mvua ikinyesha, na hakuna tone lililomgusa. Nilifanya kazi miaka mingine michache, kwenye zahanati na makanisa, kisha vidole vikaanza kukataa kukunjika. Siku hizi nakaa Lweba, natazama juu. Kaskazini paa ni jekundu, kusini lina rangi ya mihogo iliyochacha. Kuna kijana wa komite mpya aliyekuja kuniuliza kama tupake rangi lifanane. Nilimpa chai, nikamwambia arudi kwa mama yake.

Siku moja mtalivua paa hilo, kwa sababu hakuna paa la milele. Mtakapogeuza vigae vya kusini mtaona vidole vyangu vitatu, na kando yake pamesawazishwa, patupu, upana wa dole gumba. Wasaidizi wangu waliniambia nitie langu pale, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa shefu sasa. Nilikataa kwenye kila kigae, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Msipajaze. Bado nasubiri apite.